Kitabu cha Tippu Tip na Waliobeba Pembe

Mwaka 1902, jarida la Seminari ya Lugha za Mashariki mjini Berlin lilianza kuchapa maandishi marefu ya Kiswahili yaliyotoka Unguja. Mwenye maandishi hayo alikuwa hai bado, mzee wa miaka sitini na ushei, akiishi katika nyumba yake ya mawe mtaani Shangani. Aliandika kwa hati za Kiarabu, kama watu wa pwani walivyokuwa wakiandika kwa karne nyingi. Heinrich Brode, Mjerumani aliyemfahamu huko Unguja na kumhimiza aandike, akayahamishia katika herufi za Kirumi na kuyafasiri kwa Kijerumani. Sehemu ya pili ikatoka mwaka 1903. Kichwa chake kilitangaza maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe, na hadi leo kazi hiyo huhesabiwa kuwa tawasifu ya kwanza ya Kiswahili.

Ni kitabu kizuri. Hilo inafaa lisemwe mwanzoni, bila kumung'unya maneno, maana kingekuwa kibaya pasingekuwa na la kujadili: kingelala makavazini pamoja na hati nyingine za biashara ya karne ya 19, na wanahistoria wangekipekua kutafuta tarehe tu. Lakini wapo wanaokisoma kwa ladha yake. Msimulizi hana subira na mapambo. Hamwelezi msomaji rangi ya machweo wala upana wa mto. Anamwambia nani alikuja, alisema nini, akajibiwa nini, na kabla msomaji hajavuta pumzi msafara umekwisha kung'oa hema. Mazungumzo yamejaa kila mahali: wazee wanaoonya juu ya mtemi asiyeshindika, matajiri wanaosita kukopesha mali, Wazungu wasiojua njia. Kiswahili chake ni cha mtu aliyezoea kuamuru, kubembeleza na kutishia kwa mdomo wake mwenyewe, na alipokaa kuandika hakubadili sauti ili aonekane msomi. Nathari ya namna hiyo, kavu, yenye mwendo, isiyoomba radhi, haikuwa nyingi katika Kiswahili kilichoandikwa zama zile, kwani heshima kubwa ya kalamu ilikuwa imepewa utenzi.

Mtu huyo huyo alitajirika kwa bunduki, kwa pembe za ndovu na kwa watu waliotekwa.

Alizaliwa Unguja yapata mwaka 1837. Mama yake alikuwa Mwarabu wa ukoo wa Maskati. Upande wa baba ulikuwa umekwisha kuchanganyika na watu wa Mrima, na baba mwenyewe, Muhammed bin Juma, alikuwa na makazi karibu na Tabora, ambako alioa binti wa mtemi Fundikira. Hamed alianza na biashara ya sandarusi akiwa na umri wa miaka 12 hivi, kisha akaingia bara. Kilichomvuta huko ni pembe. Bei yake sokoni Unguja ilikuwa ikipanda mwaka hadi mwaka, kwa sababu zilizotoka mbali kabisa na Tabora: viwanda vya Deep River na Ivoryton huko Connecticut, Marekani, vilikata pembe za Afrika Mashariki kuwa vipande vyembamba vya kufunika vibao vya piano. Binti wa Boston aliyekuwa akijifunza muziki wa Chopin jioni aliuchezea juu ya meno ya ndovu yaliyosafiri kwa bega la mtu kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Swali la kupenda kitu kizuri kilichotokana na dhuluma halikuwahusu wasomaji wa Kiswahili peke yao, ingawa sebule za Boston hazikuulizwa.

Pembe ilipimwa kwa frasila, na frasila moja ni kama kilo 16. Pembe kubwa ilizidi frasila mbili. Hapakuwa na mnyama wa kuibeba, maana ndorobo waliwaua punda na ng'ombe njiani, hivyo kila pembe iliyofika Bagamoyo ilikuwa imekaa juu ya bega la binadamu kwa miezi. Si kila bega hilo lilikuwa la mtumwa. Wapagazi wa Kinyamwezi waliosafiri kati ya Tabora na pwani walikuwa watu wa ujira; walijua thamani yao, walidai posho, na walitoroka au kugoma walipodhulumiwa. Ila magharibi ya ziwa, katika nchi ambazo watu wa pwani waliziita Manyema, kazi ilifanywa kwa njia nyingine. Huko bunduki zilikuwa chache kwa wenyeji na nyingi kwa wageni. Kijiji kilivamiwa, watu wakatekwa, kisha jamaa zao wakawakomboa kwa pembe. Waliokosa wa kuwakomboa walibeba mizigo, walilima mashamba ya kulisha misafara, walifanywa masuria, au walipewa bunduki na kutumwa kuteka wengine. Vijana waliokulia humo ndio waliokuja kuwa jeshi la wakubwa wa miji ya Nyangwe na Kasongo. Ngongo Lutete, aliyeogopwa sana katika miaka ya 1880, alipitia utumwani utotoni kabla ya kuwa jemadari wa Tippu Tip.

Kitabuni, mambo haya yanaonekana namna gani? Chukua habari za Nsama, mtawala wa Itabwa, ambaye sifa yake ilikuwa imewatia woga wafanyabiashara waliotangulia. Tippu Tip anasimulia safari hiyo ya mwaka 1867 kwa ustadi wa hali ya juu. Maonyo ya wazee yanapandisha hofu hatua kwa hatua. Wageni wanaingia bomani wakiwa wachache. Mishale inarushwa ghafla, naye mwenyewe anajeruhiwa. Kisha bunduki zinalia, boma linakimbiwa, na kijana mwenye mali ya mkopo anageuka tajiri kwa siku moja. Anayesoma anashika pumzi. Anamtakia heri kijana huyo. Pembe zinahesabiwa kwa frasila, shaba inahesabiwa, na mateka, pale wanapotajwa, wanapita kwa maneno machache, nayo hadithi inasonga mbele. Jina lenyewe la Tippu Tip, kwa maelezo yake, lilitokana na mlio wa bunduki zake masikioni mwa waliokuwa wakikimbia.

David Livingstone alikuwa akipita nchi hiyo mwaka huo huo. Alikutana na Tippu Tip, akapokea kwake mbuzi, nguo na ushanga, akakwama kwa miezi kadhaa akisubiri Nsama na Waarabu wapatane. Shajara yake inashuhudia nchi iliyovurugwa na vita ambavyo tawasifu inavisimulia kama ushindi wa kijana jasiri. Miaka minne baadaye, tarehe 15 Julai 1871, Livingstone alikuwa Nyangwe wakati watu wa wafanyabiashara wa pwani walipofyatua risasi katikati ya gulio lililojaa wanawake waliokuja kuuza vyakula. Waliouawa na kuzama mtoni walikuwa mamia. Tippu Tip hakuwapo siku hiyo, na si haki kumtwika damu ya siku hiyo. Lakini ndiyo dunia aliyoiingia miaka michache baadaye na kuwa mkubwa wake.

Kuna sehemu nyingine ambayo kila aliyesoma kitabu huikumbuka. Karibu na Utetera, Tippu Tip alisikia habari za mtawala mzee, Kasongo Rushie, ambaye dada zake walitekwa zamani na kupelekwa mbali wasionekane tena. Akaishika habari hiyo, akajitungia nasaba: bibi yake, alidai, ndiye mmoja wa dada hao, naye amerudi kwa wajomba. Mzee akaamini, au akaona faida ya kuamini, akamwachia nchi. Tippu Tip hafichi kwamba alitunga. Anaisimulia hila hiyo kwa furaha ya msanii anayejua kuwa amefanya kazi nzuri, na kwa kweli ni kazi nzuri. Hadithi ndani ya hadithi, yenye mpango, mashaka na mwisho wa kushangaza.

Isomwe tena polepole. Mwanamke aliyetekwa, akapotea, akaliliwa na kaka yake mpaka uzeeni, anarudishwa nyumbani kama ufunguo wa ghala la pembe. Msiba wa utekaji ulioiumiza familia moja unatumiwa na mtekaji mwingine. Hakuna mahali pengine kitabuni ambapo kipaji na dhara vimesukwa kwa uzi mmoja kiasi hiki. Wapo wapenzi wa kitabu hiki ambao wangependa kuvitenga viwili hivyo, sanaa huku, biashara kule, wafurahie lugha na kuwaachia wanahistoria hesabu ya waliodhulumiwa. Kitabu chenyewe hakiruhusu. Ile kasi tunayoipenda inawezekana kwa sababu msimulizi hasimami kwa wale waliobeba. Angesimama kila mtu alipoanguka njiani, angepata kitabu kingine kabisa, kizito, chenye kusitasita. Wepesi wa sentensi zake ni wepesi wa mtu ambaye mzigo wake unabebwa na wengine.

Hii si sababu ya kukitupa. Ni sababu ya kukisoma kwa macho mawili.

Utetezi unaotolewa mara nyingi ni kwamba zama zile utumwa ulikuwa jambo la kawaida, na kwamba mtu apimwe kwa kipimo cha wakati wake. Kuna ukweli kidogo humo. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, pale Sultani Barghash alipotia saini mkataba chini ya shinikizo la Waingereza; hali ya utumwa yenyewe haikuondolewa kisheria Unguja mpaka 1897. Tippu Tip aliishi ndani ya sheria na desturi hizo, na wanahistoria hutaja kwamba katika miaka ya 1890 alikuwa na mashamba saba na watumwa wapatao 10,000. Ila utetezi huo unasahau kwamba wakati ule ulikuwa na watu wengi, si matajiri peke yao. Watoro waliokimbia mashamba ya Mombasa na Malindi na kujenga vijiji vyao, kama Fuladoyo, walikuwa watu wa karne hiyo hiyo. Hawakungoja karne ya 20 iwaambie kwamba walichotendewa ni uovu. Ukiuliza watu wa zamani walionaje utumwa, na ukawahoji wenye watumwa tu, umekwisha kuchagua jibu.

Utetezi wa pili una nguvu zaidi, nao unatokana na waliomshutumu. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley alimwajiri Tippu Tip amsindikize kutoka Nyangwe kwa dola 5,000, huku akijua yeye ni nani. Baadaye Tippu Tip alilalamika kwamba hakulipwa alichoahidiwa. Tarehe 24 Februari 1887, Stanley huyo huyo alitia naye saini mkataba huko Unguja ili awe gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, wakapanda meli moja, Madura, kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi kinywa cha Mto Kongo. Miaka mitano baadaye dola ya Leopold ikaanzisha vita dhidi ya Waarabu wa mashariki ya Kongo kwa jina la kukomesha utumwa. Nyangwe ikaanguka Machi 1893, Kasongo Aprili, na Sefu, mwana wa Tippu Tip, akauawa kabla ya mwaka kwisha. Watu wa Kongo hawakupata uhuru. Walipata mpira, viboko na mikono iliyokatwa.

Brode naye, baada ya kuchapa maneno ya mzee, aliandika kitabu chake mwenyewe kilichotoka Berlin mwaka 1905, na kwenye kichwa akamwita mtawala wa kimabavu wa Afrika ya Kati. Wakati huo huo serikali ya Ujerumani ilikuwa ikiuvumilia utumwa kisheria katika koloni lake. Ulikuja kufutwa Tanganyika mwaka 1922, Wajerumani wakiwa wamekwisha kuondoka. Kwa hiyo mtu akisema kwamba jina la Tippu Tip lilipakwa matope na wezi wakubwa kuliko yeye, hasemi uongo. Lakini unafiki wa Leopold haumrudishi mtoto wa mtu Manyema. Mshtaki kuwa mwongo hakumwondolei mshtakiwa kosa lake, na waliodhulumiwa hawakuwa mali ya upande wowote wa ugomvi huo, ingawa pande zote mbili zimewatumia hivyo.

Basi wao walisema nini?

Msichana aitwaye Swema, wa nchi ya Wayao, alitolewa kulipa deni la nyumbani kwao katika miaka ya 1860. Mama yake akaomba kufuata msafara akibeba mzigo, ili asitengane na mwanawe. Mama alikufa njiani. Swema alifika Unguja akiwa hoi kiasi kwamba alionekana hana thamani sokoni, akazikwa angali na pumzi. Kijana aliyepita karibu alimfukua, akapelekwa kwa masista wa misheni ya Kifaransa. Habari zake zilichapishwa mwaka 1870, kwa Kifaransa, zikiwa zimepitia mikono ya mapadri waliotaka kuwagusa mioyo wafadhili wa Ulaya.

Nje kidogo ya mji wa Unguja, misheni ya Waanglikana ilikuwa na shule ya wavulana mahali paitwapo Kiungani. Wengi wao walikuwa wametekwa bara, wakauzwa, wakapakiwa majahazini, kisha wakakamatwa baharini na meli za kivita za Waingereza na kuachwa huru. Mwalimu wao, Arthur Cornwallis Madan, aliwaambia waandike maisha yao. Waliandika kwa Kiswahili, lugha ambayo wengi wao waliijua baada ya kutekwa, na kitabu kikatoka London mwaka 1887, miaka 15 kabla ya Tippu Tip kuchapwa Berlin. Kilitoka kwa Kiingereza. Madan alikuwa bingwa wa Kiswahili. Kamusi zake ndizo zilizokuja kuwa msingi wa kamusi sanifu ya mwaka 1939. Hata hivyo, kitabu alichowapelekea wasomaji wa London ni tafsiri yake, na Kiswahili cha wavulana wale hakikusimama humo.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Katika kizazi kimoja, katika mji mmoja, mwenye misafara na waliopitia misafarani waliandika au walisimulia maisha yao. Maneno ya mwenye misafara yalihifadhiwa kwa Kiswahili chake mwenyewe, na msomaji wa Kiswahili anaweza kuyafurahia leo. Maneno ya Swema yako Kifaransa. Maneno ya wavulana wa Kiungani yako Kiingereza. Tunaposema kwamba Tippu Tip aliandika nathari bora kuliko wenzake, ikumbukwe kwamba baadhi ya wenzake hao walinyang'anywa hata nafasi ya kulinganishwa.

Ilibidi kungoja hadi 1934 ili upande huo usikike kwa Kiswahili katika kitabu kizima. Mwaka huo James Mbotela alitoa Uhuru wa Watumwa. Alikuwa mwalimu, mtoto wa Freretown, kijiji cha walioachwa huru kilichoanzishwa na misheni karibu na Mombasa katika miaka ya 1870, na baba yake alikuwa mmoja wa waliokombolewa baharini. Kitabu chake kinaanzia kijijini kabla ya uvamizi. Kinaonyesha kongwa shingoni, njaa ya njiani, tumbo la jahazi, na mshangao wa watu walioambiwa ghafla kuwa wako huru huku hawajui kwao ni wapi. Vizazi vya wanafunzi vilikisoma. Wahakiki wamekilaumu, na wana haki, kwamba kinawasifu Waingereza kupita kiasi na kuwatwika Waarabu wote lawama kana kwamba hapakuwa na mtemi wala jirani aliyeuza mtu. Kilichapwa na wachapaji wa kidini wa London, na alama zao zinaonekana. Lakini anayekisoma baada ya Tippu Tip anahisi mara moja tofauti ya mwendo. Mbotela anasimama. Mtu akianguka njiani, hadithi inasimama naye.

Kwa sanaa ya sentensi, Tippu Tip anamshinda. Hilo ni kweli na lisemwe. Kwa kuona, Mbotela anamshinda kwa mbali, na msomaji anayewapenda wote wawili hana sababu ya kuona haya.

Kwa watu wa Kongo mambo yamekwenda mbali zaidi ya kitabu. Kiswahili kilifika Manyema kikiwa lugha ya misafara hiyo. Waliotekwa walijifunza lugha ya waliowateka. Waliojiunga na wakubwa wapya wakajiita waungwana, na lugha yao ikaitwa Kingwana. Baadaye askari wa serikali ya kikoloni walikibeba, kisha migodi ya Katanga ikakitumia kuwaunganisha wafanyakazi waliotoka kila upande. Leo ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Lubumbashi na Bukavu watu wanatongozana kwa lugha hiyo, wanasali nayo, wanaimba nayo, wanaiongeza maneno na kuigeuza wapendavyo. Hakuna anayewaambia waiache kwa sababu ya walioileta, na hakuna anayepaswa kuwaambia wamshukuru Tippu Tip kwa ajili yake. Waliikuza wenyewe. Wajukuu wa waliotekwa wameifanya mali yao kwa njia ambayo yeye hakuikusudia na asingeweza kuizuia.

Kitu kama hicho kimetokea katika fasihi. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, alitoa riwaya yake Paradise mwaka 1994. Watafiti wameonyesha jinsi riwaya hiyo inavyozungumza na masimulizi ya Kiswahili ya misafara, ya Tippu Tip na ya wasafiri wengine waliochapwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Gurnah anachukua safari ile ile ya kwenda bara, mizigo ile ile, mtawala mkali na wageni waliopotewa na hesabu, lakini anamweka katikati Yusuf, mvulana aliyetolewa na baba yake rehani kwa tajiri kwa sababu ya deni. Tajiri Aziz ana haiba na maneno matamu. Yusuf anampenda kwa namna fulani, na hajui ampende vipi mtu ambaye amemiliki maisha yake. Tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis, Peponi, ilitoka mwaka 2022, ikairudisha safari hiyo katika lugha ambamo ilianza.

Huko Shangani nyumba ya Tippu Tip ingalipo, pamoja na mlango wake wa nakshi, na watembezaji huwasimamisha wageni mbele yake. Alifia Unguja Juni 1905. Dakika chache za mwendo kutoka hapo, Mkunazini, limesimama kanisa kuu la Waanglikana palipokuwa soko, na uani mwake mna sanamu za watu waliofungwa mnyororo ndani ya shimo, kazi ya mchongaji Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Mgeni huonyeshwa nyumba kwa jina la mwenye nyumba. Sanamu hazina majina.

Toleo la tawasifu lililosomwa zaidi Afrika Mashariki ni la Wilfred Whiteley, lililotoka kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili mwaka 1958 na 1959, na kuchapwa tena 1966, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Ni kazi ya uangalifu, lakini imepita nusu karne. Kitabu hiki kinastahili toleo jipya la Kiswahili, lenye maelezo ya chini ya ukurasa kwa Kiswahili, yanayomsimamisha msomaji pale msimulizi anapokimbia: Itabwa ilikuwa na nani kabla ya bunduki kulia, waliotekwa walipelekwa wapi, Livingstone aliona nini kijiji cha pili. Na katika jalada lile lile, au jirani yake rafuni, ziwekwe habari za wavulana wa Kiungani na za Swema, zikirudishwa katika lugha ambayo wavulana wale waliziandika. Mfasiri wa kazi hiyo atakuwa na mtihani mgumu. Itabidi atafute sauti ya mtoto wa Kiyao au Kimakua wa miaka ya 1880 aliyekuwa akijifunza Kiswahili huku angali na makovu, na kuipata bila kuazima ulaini wa sentensi za yule mzee wa Shangani.